Shekhar Mehta: Njia Haikumwuliza Kabila

Sisi watu wa mwambao tuna ada yetu katika kuhukumu vyombo. Jahazi jipya likishushwa majini pale Matondoni, kila aliyesimama pwani hulisifu: omo ilivyoinuka, tezi ilivyokaa, mbavu zilivyopindwa kwa jicho la fundi bila ya karatasi wala rula. Lakini mabaharia wazee huwa hawasemi neno. Wao hungoja chombo kipakiwe, kitoke, kikutane na kusi, kisha kirudi. Hapo ndipo hutoa hukumu yao, na hukumu hiyo haina rufani.

Leo, ndugu msomaji, nataka kuitumia ada hiyo kukusimulia habari za mtu mmoja na motokaa moja. Mtu ni marehemu Shekhar Mehta, bingwa wa mashindano ya Safari mara 5, aliyefariki dunia mjini London tarehe 12 Aprili 2006. Motokaa ni Datsun 240Z, gari la watu wawili, refu la mbele na fupi la nyuma, ambalo mpaka leo wapenzi wa magari ya zamani hulitunza kama mtu anavyotunza upanga wa babu yake. Mtu huyu aliambiwa kwamba nchi aliyozaliwa si yake. Na gari hili, yeyote aliyelitazama angeweza kuapa kwamba halikuumbwa kwa njia zetu. Wote wawili walitoa jibu lao njiani.

Mehta alizaliwa Kampala, Uganda, tarehe 20 Juni 1945, katika jamaa ya Kihindi iliyojaaliwa mali na mashamba makubwa. Zamani hizo, magari ya anasa yalikuwa aghalabu mchezo wa Wazungu na matajiri wachache. Katika miji ya Nairobi na Kampala ungeweza kuona MG na Triumph kutoka Uingereza, magari madogo yasiyo paa, yenye viti viwili na boneti ndefu, yakipita jioni kwa mngurumo kama simba aliyeshiba. Yalikuwa magari ya kujionyesha, na barabara yake ilikuwa lami. Mvua ikinyesha na njia ikigeuka tope, mwenyewe huliacha nyumbani akapanda Land Rover.

Kijana Mehta alikuwa na uwezo wa kuridhika na mchezo huo wa jioni. Yeye akachagua mchezo mwingine, ambao mali peke yake haikuweza kumnunulia mtu heshima. Mchezo huo ni Safari.

Kwa vijana waliozaliwa juzi, hapana budi nieleze Safari ya zamani ilikuwaje. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotawazwa, nayo yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaliondoka moja moja, kila baada ya dakika kadhaa, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika. Aliyechelewa alihesabiwa adhabu kwa kila dakika. Njia hazikufungwa: ungeweza kukutana na lori la ndizi, kundi la mbuzi, au basi lililokwama. Maelfu ya kilomita, usiku na mchana, na yote hayo katika siku za Pasaka, ambazo aghalabu huangukia ndani ya masika. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na mwaka 1968 yakamaliza 7 vilevile. Kwa muda wa miaka karibu 20, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo akashinda. Walikuja mabingwa wa Ulaya na majina yao makubwa, wakabaki katika matope yetu wakisukumwa na wanakijiji kwa shilingi mbili tatu. Ni mwaka 1972 tu ndipo Hannu Mikkola wa Finland alipoivunja mwiko hiyo kwa Ford Escort.

Kampuni ya Nissan ya Japani, ambayo magari yake yakiitwa Datsun, ilikuja katika Safari mwaka 1963. Ilikuja kujifunza, na ilijifunza kwa taabu. Lakini Wajapani wana subira. Kila mwaka walitazama ni kitu gani kimevunjika, wakarudi kwao, wakakitengeneza upya. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, akawapatia ushindi wao wa kwanza wa jumla kwa Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la familia lenye milango minne.

Wakati huo huo, Wajapani walikuwa wamekwisha kuunda kitu kingine kabisa. Kabla yake walikuwa wakitengeneza magari madogo ya wazi yaliyoitwa Fairlady, ya namna ile ile ya MG na Triumph. Mkuu wao wa biashara huko Marekani, Yutaka Katayama, alitaka gari la mwendo wa kasi ambalo mtu wa kipato cha kadiri angeweza kulinunua. Mchoraji aliyeongoza kazi ya umbo lake alikuwa Yoshihiko Matsuo. Mwishoni mwa mwaka 1969 gari likatoka. Nyumbani Japani likaitwa Fairlady Z, na Marekani likaitwa 240Z, kwa kuwa Katayama aliona jina la Fairlady halifai kwa gari la kiume namna ile.

Mimi si fundi wa magari, lakini macho ninayo, na nimelelewa kati ya mafundi wa vyombo. Ukilitazama 240Z kwa ubavu, utaona mstari mmoja unaanza kwenye taa za mbele, zilizozama ndani ya mashimo yake kama macho ya paka, ukapita juu ya boneti ndefu, ukapanda kioo, ukateremka taratibu mpaka nyuma bila kukatika pahala popote. Boneti ni ndefu kwa sababu: chini yake imelala injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ya lita 2.4. Dereva ameketi nyuma sana, karibu na magurudumu ya nyuma, mfano wa nahodha aliyeketi tezini akiona chombo chote mbele yake. Na kila gurudumu lina springi yake lenyewe, likiingia shimoni halilazimishi mwenzake kuinama. Hiyo ndiyo siri ambayo jicho la barabarani haliioni. Uzuri wa juu ulikuwa umekaa juu ya mifupa migumu.

Gari hili ndilo Nissan waliloliteua kwa Safari ya mwaka 1971. Walilivisha chuma chini ya tumbo, wakalitia taa kubwa za kumulika ukungu na giza, wakalipaka rangi nyekundu na boneti nyeusi ili jua lisimpige dereva machoni. Gari lililochorwa kwa njia pana za California likatumwa kwenye udongo mweusi wa bara letu. Herrmann akashika nafasi ya kwanza, na nyuma yake, katika 240Z nyingine, akafuata kijana wa Kampala, Shekhar Mehta, pamoja na Mike Doughty. Alikuwa na umri wa miaka 25. Hapo mabaharia wazee wa Safari wakainua vichwa.

Lakini kabla hajapata ushindi wake mwenyewe, likamfika lililomfika. Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda watoke nchini katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha maduka, mashamba, nyumba, na makaburi ya wazazi wao. Wengi walipanda ndege na sanduku moja. Jamaa ya Mehta nayo ikapoteza makao yake, ikakimbilia Kenya. Mtu aliyezaliwa Kampala, akala chakula cha Kampala, akajifunza usukani kwenye njia za Uganda, alikuwa sasa mgeni.

Pasaka ya mwaka 1973 ilifika miezi minane tu baada ya tangazo lile. Mwaka huo ndio ulioanza ubingwa wa rali wa dunia, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Mehta akaingia ndani ya 240Z pamoja na Lofty Drews. Sasa sikiliza jinsi ilivyomalizika, maana ni kisa kisichotokea mara mbili. Baada ya siku zote zile za vumbi na tope, hesabu zilipopigwa, Mehta alikuwa sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine. Adhabu zao zililingana, hakuna aliyezidi wala aliyepungua.

Kanuni ikafunguliwa. Ilisema kwamba wawili wakilingana, hutazamwa ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa adhabu yake ya kwanza. Msomaji, mimi nilisoma chuoni kwa maalim aliyekuwa mkali wa hesabu za mirathi, na bado naona kanuni hii ina uadilifu ndani yake. Haikuuliza nani ana jina kubwa Ulaya, wala nani ana pasipoti ya nchi gani. Iliuliza nani alikaa safi kwa muda mrefu zaidi. Jibu lilikuwa Mehta. Aliyefukuzwa Kampala akawa bingwa Nairobi.

Baada ya hapo ilipita miaka mitano bila ya yeye kushinda. Zama za 240Z zikapita nazo. Mashindano yakabaki ndani ya Kenya peke yake, na magari yakabadilika. Wengine wangesema bahati yake ilikuwa ile moja ya kanuni. Ndipo mwaka 1979, akiwa na Mike Doughty tena, Mehta alipoingia na Datsun 160J, gari la umbo la kawaida kabisa, akawapita Wajerumani wa Mercedes waliokuja na magari makubwa yenye injini za lita 5. Mwaka 1980 akashinda tena. Mwaka 1981, akiendesha Violet GT, akashinda. Mwaka 1982 akashinda, na aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo alitawazwa bingwa wa dunia. Minne mfululizo, na ule wa 1973 ukawa wa tano. Hakuna dereva aliyewahi kuifikia hesabu hiyo katika Safari za ubingwa wa dunia.

Miaka ile minne mimi naikumbuka kwa sababu nilikuwa mtoto, na tulikuwa tukiishi Garissa, ambako baba yangu alihamia kwa biashara kutoka mwambao. Garissa ya siku hizo ilikuwa mji wa mchanga, wa soko la mifugo, na wa malori yanayovuka daraja la Tana kwenda Wajir na Mandera. Pasaka haikuwa sikukuu yetu, sisi wala jirani zetu Wasomali. Lakini siku za Safari, redio ya Sauti ya Kenya iliwekwa juu ya kaunta ya duka, ikazungukwa na watu waliotoka kuswali alasiri, na hakuna aliyeruhusiwa kuuza sukari mpaka mtangazaji amalize kutaja nafasi za magari.

Wazee wa Kisomali waliihukumu Safari kwa mizani yao wenyewe. Kwao ngamia mzuri ni yule anayefika. Mzee mmoja, mfugaji aliyekuja mjini kuuza madume, alisikiliza habari za Mercedes na Datsun kwa makini, kisha akataka kujua gari la Mehta hunywa maji mara ngapi kwa siku. Alipoambiwa kwamba maji yake hayabadilishwi mpaka lipate dhara, alitikisa kichwa kwa heshima, na tangu hapo akawa upande wa Datsun.

Sisi watoto tulikuwa na magari yetu. Tuliyaunda kwa waya na makopo ya Kimbo, na magurudumu tuliyakata katika kandambili zilizochakaa. Usukani ulikuwa waya mrefu ulioinuka mpaka kifuani. Kabla ya kuanza mbio za kuteremka ukingo wa mto, kulikuwa na ugomvi usiokwisha juu ya nani atakuwa Mehta. Mtoto wa Kisomali, mtoto wa Kipokomo, mtoto wa Kimunyoyaya, mimi mtoto wa mwambao, kila mmoja alitaka jina hilo la Kihindi. Mshindi wa jana alikuwa na haki nalo, na aliyeshindwa ilimbidi aridhike kuwa Mzungu.

Nilipokua ndipo nilipofahamu uzito wa mchezo ule. Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwaka 1963 mpaka 1991. Mtu wa Garissa akisafiri kwenda Nairobi alisimamishwa njiani, akateremshwa garini, akaulizwa kipande chake na asili yake. Alikuwa mwananchi, na kila kizuizi kilimtaka athibitishe upya. Watu hao ndio waliokaa mbele ya redio wakimshangilia mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya asili yake, na ambaye sasa nchi nzima ilimwita wetu. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti dukani. Lakini naamini lilisikika. Barabara ile ya Mehta ilikuwa na vizuizi vingi pia, walakini katika kila kimoja aliulizwa jambo moja tu, yaani saa aliyofika.

Yako yanayoweza kusemwa upande wa pili. Mehta alikuwa mtoto wa tajiri, na nyuma yake kulikuwa na kampuni kubwa, mafundi, na vipuri vilivyongojea kila kituo. Mchunga ng'ombe wa Garissa hakuwa na hayo. Ni kweli, wala siifichi. Lakini matajiri walioingia Safari walikuwa wengi, na kampuni zilizotumia fedha zaidi ya Nissan zilikuwako. Fedha iliweza kumleta mtu mpaka kwenye mstari wa kuanzia, ila haikuweza kumvusha korongo lililofurika saa nane za usiku. Hapo palihitaji jicho, moyo mtulivu, na kulijua gari kama unavyomjua mnyama wako.

Waliomtazama akiendesha waliona dereva asiye na papara. Katika Safari, anayekimbia kupita kiasi siku ya kwanza hupoteza gari siku ya pili. Mehta alilitunza gari lake ili life mwisho wa safari, wala si kabla. Mkewe, Yvonne, naye alikaa kiti cha msoma ramani katika mashindano mengi ya nchi mbalimbali, jambo ambalo lataka imani kubwa kati ya mume na mke, maana anayesoma hupaswa kuaminiwa bila swali na anayeendesha hupaswa kufuatwa bila kelele.

Mwaka 1987, katika rali ya Mafirauni huko Misri, alipata ajali mbaya jangwani ndani ya Peugeot, na ajali hiyo ikamtoa katika mashindano makubwa. Hakuuacha mchezo. Akaingia upande wa uongozi, mpaka akawa mkuu wa tume ya rali ya shirikisho la kimataifa la magari, FIA. Mtoto wa Kampala aliyekosa nchi akawa miongoni mwa waliotunga kanuni za dunia. Alikufa akiwa na umri wa miaka 60.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021, safari hii Naivasha, kwenye njia zilizofungwa na masafa mafupi. Mwaka 2003 kulianzishwa Safari nyingine ya magari ya zamani, na humo Datsun za Z zimeonekana tena zikipiga vumbi, zikiwa na umri wa kuweza kuitwa babu. Na huko Zama, Japani, Nissan wameyahifadhi magari yao ya kale katika ghala moja kubwa, na 240Z nyekundu iliyoshinda mwaka 1971 imo miongoni mwao.

Wapenzi wa magari ya kale husafiri mbali kwenda kuliona. Hulizunguka, hulisifu taa zake na mstari wake wa ubavu, na wana haki, kwa kuwa ni gari zuri. Lakini yako mamia ya magari mazuri duniani ambayo hayakuwahi kutoka kwenye lami. Hili lilipata heshima yake huku kwetu, katika udongo ambao haukuchorewa, na mikononi mwa watu kama Mehta, ambao njia iliwapokea pale watu walipowakataa. Vijana wa Garissa ambao leo wanaendesha malori na Hilux kwenye mchanga wa Modogashe na Wajir, pengine jina lake hawalijui. Wazee wao wanalijua. Wawaulize jioni moja, baada ya magharibi, na wahakikishe wamekaa chini vizuri, maana hadithi yenyewe ni ya kilomita nyingi.